Uhifadhi wa majengo ya kihistoria, na kazi ya Jacqueline Kennedy

Uhifadhi wa jengo la kihistoria ni kulilinda lisibomolewe wala kugeuzwa ovyo, huku watu wakiendelea kulitumia. Wengi hudhani ni kupaka rangi na kuziba nyufa. Huo ni ukarabati, na ukarabati peke yake haumzuii mwenye jengo kulivunja kesho.

Jacqueline Kennedy alilijua hilo mapema. Mumewe, John F. Kennedy, alipoapishwa kuwa Rais wa Marekani mwaka 1961, Jacqueline aliikuta Ikulu na samani nyingi za dukani. Vitu vya kale vilikuwa vimeuzwa au kutupwa na waliotangulia. Akaanza kupekua. Meza iliyotengenezwa kwa mbao za meli ya Kiingereza Resolute, zawadi ya Malkia Victoria ya mwaka 1880, ilikuwa kwenye chumba cha kurushia matangazo ya redio na televisheni. Akaihamishia ofisini kwa Rais.

Picha za meza hiyo ndizo zinazokumbukwa, lakini kwangu jambo kubwa ni sheria iliyopitishwa na Bunge Septemba 1961. Samani yenye thamani ya kihistoria ikishatangazwa kuwa ya Ikulu, hubaki ya Ikulu; isipotumika, hupelekwa kutunzwa kwenye makumbusho ya Smithsonian. Hakuna rais anayeweza tena kuipiga mnada.

Kazi ngumu zaidi ilimfikia New York, akiwa hayupo tena Ikulu. Jiji lilitunga sheria ya kulinda majengo mwaka 1965, baada ya kuvunjwa kwa kituo chake kizuri cha treni kilichoitwa Pennsylvania. Kituo kingine, Grand Central, kikaorodheshwa mwaka 1967 kati ya majengo yanayolindwa na sheria hiyo. Kampuni ya Penn Central iliyokimiliki ikataka kujenga mnara wa ofisi juu yake, ikanyimwa kibali, ikashtaki, na Januari 1975 ikashinda. Jiji likasitasita kukata rufaa. Jacqueline akamwandikia Meya Abraham Beame kumsihi asikiache, akasimama hadharani na watetezi wa kituo. Rufaa ikakatwa.

Swali lilikuwa zito: je, kumkataza mtu kujenga juu ya mali yake ni kumnyang'anya bila fidia? Juni 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ilijibu hapana, majaji 6 kwa 3. Kampuni bado ilikuwa na kituo na mapato yake, na haki ya kujenga ingeweza kuihamishia kwenye viwanja vya jirani. Hukumu hiyo ndiyo miji ya Marekani huiegemea hadi leo inapomkatalia mwenye jengo kibali cha kulibomoa.