Tinkcha ya majani ya mpera: maji ya kwenye jani ndiyo yanayoharibu dawa

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina mpera au mwarobaini uani, na wapo wengi wanaoloweka majani yake kwenye kileo ili wapate tinkcha ya kusukutua mdomo au kupaka ngozi. Chupa ikichacha, lawama huenda kwa mti au kwa joto la jiji. Mara nyingi tatizo lilianza siku ile ile majani yalipotiwa chupani yakiwa mabichi.

Jani bichi lina maji mengi, kwa kawaida asilimia 60 hadi 80 ya uzito wake. Chukua gramu 100 za majani ya mpera yenye maji asilimia 70, uyaloweke kwenye mililita 200 za Konyagi, ambayo nguvu yake ni asilimia 35. Zile mililita 70 za maji ya jani zinaingia kwenye kileo, na nguvu inashuka hadi karibu asilimia 26. Ukiongeza majani mara mbili, unakaribia asilimia 20, na chini ya hapo vijidudu vinastawi: povu linatokea, harufu inakuwa ya uchachu. Ndiyo maana tunasisitiza majani makavu.

Chuma majani yaliyokomaa, yasiyo na madoa, umande ukishakauka. Mti ulio kando ya barabara ya vumbi na moshi uache. Osha, kung'uta, kisha tandaza tabaka moja kwenye ungo, kivulini penye hewa. Jua kali linafukuza mafuta yenye harufu. Kiangazi siku 4 hadi 7 hutosha. Wakati wa masika hewa ina unyevu mwingi, kazi hii inaweza kufika wiki mbili, na hapo ndipo ukungu unapoingia. Jani lililo tayari ukilikunja linavunjika kwa mlio, na kikonyo chake kinakatika badala ya kupinda. Ukiona utando mweupe au ukisikia uvundo, tupa lote. Usichambue ukabakiza yanayoonekana mazuri, kwa sababu sumu ya ukungu haionekani kwa macho na kileo hakiiondoi.

Pima kwa mizani, si kwa konzi: gramu 100 za majani makavu yaliyopondwa kwa mililita 500 za kileo. Kwa mpera, nguvu ya asilimia 40 hadi 60 inafaa sana, kwa sababu tanini, ile inayoacha ukakasi mdomoni, inayeyuka kwenye maji na kwenye kileo pia. Konyagi ya asilimia 35 nayo inafaa, ila kwa majani makavu tu. Mwenye ethanoli ya asilimia 96 inayoruhusiwa kwa chakula au dawa apime mililita 625, ajazie maji yaliyochemshwa na kupoa hadi lita moja, atapata asilimia 60.

Spiriti ya rangi ya kusafishia au kuwashia moto usiiguse kwa kazi hii, hata kama ni ya kusukutua tu. Huwa na methanoli, inayopofusha na kuua. Gongo nayo iache, maana hakuna ajuaye nguvu yake wala kilichomo.

Tumia chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kileo kifunike majani yote. Yanayoelea juu hushika ukungu. Mfuniko ukiwa wa bati, weka nailoni safi katikati, kwani tanini ikikutana na chuma inageuka nyeusi kama wino. Hifadhi kabatini siku 14, ukitikisa kila siku. Usipashe kwenye jiko ili kuharakisha: mvuke wa kileo unadaka moto. Chuja kwa kitambaa cha pamba, kamua, acha itulie usiku kucha, chuja tena. Andika kwenye chupa jina la mti, tarehe, uwiano na nguvu ya kileo.

Kusukutua, tia kijiko kimoja cha chai kwenye mililita 100 za maji, mara mbili kwa siku, na uteme. Watoto, wajawazito na anayetumia metronidazoli (flajili) wasitumie. Asiyetaka kileo, kwa dini au kwa afya, aloweke kwenye gliserini ya dawa: sehemu tatu za gliserini kwa sehemu moja ya maji, kisha ahifadhi kwenye friji.

Mwarobaini unatengenezwa vivyo hivyo, lakini uwe wa kupaka tu; jaribu kwanza tone moja ndani ya mkono na usubiri saa 24, na usipake kwenye kidonda wala karibu na macho. Hakikisha pia ni mwarobaini kweli. Jani lake lina uti mmoja, na vijani vyenye meno vimepangwa moja kwa moja pande zake mbili. Melia azedarach, unaofanana nao na wenye sumu, uti wake hutoa kwanza vijiti vya pembeni, na vijani viko kwenye vijiti hivyo.

Homa haitibiwi kwa tinkcha yoyote kati ya hizi. Nenda kituo cha afya ukapime malaria siku hiyo hiyo. Na ukitaka kuuza unachotengeneza, anza na usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 2002.