Je, wajua kwa nini kutoa pumzi taratibu huwafaa wenye magonjwa ya kinga?

Mgonjwa wa lupasi au baridi yabisi akiambiwa "vuta pumzi, utulie" ana kila sababu ya kukasirika. Kinga yake mwenyewe imemgeuka, inashambulia viungo, ngozi au figo. Pumzi itasaidia nini hapo? Inasaidia, ila si kwa namna inayotangazwa mara nyingi, na maelezo yake yanaanzia moyoni.

Weka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, kisha pumua taratibu. Wengi husikia mapigo yakiongeza mwendo wakivuta hewa na kupunguza wakiitoa. Hiyo ni kazi ya neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi moyoni, kwenye mapafu na tumboni. Ni breki ya moyo: ukivuta hewa inalegea, ukitoa inakaza. Otto Loewi alionesha mwaka 1921, kwa mioyo ya vyura, kwamba neva hiyo hupunguza mapigo kwa kutoa kemikali, nayo ndiyo tunayoiita leo asetilikolini.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akishuka hadi kama mara 6, pumzi zake huenda sambamba na mawimbi ya shinikizo la damu, ambayo nayo hujirudia takriban kila sekunde 10, na breki ile hufanya kazi kwa nguvu zaidi. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake waliripoti kwamba kusali rozari kwa Kilatini, au kukariri mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa, huishusha pumzi hadi karibu kiwango hichohicho. Waumini walikuwa wamefika huko bila kutazama saa!

Na kinga ya mwili? Mwaka 2000 kundi la Kevin Tracey huko Marekani lilionesha kwamba kuisisimua neva ya vagasi ya panya kwa umeme hupunguza TNF, protini ya kuchochea uvimbe ambayo dawa kadhaa za baridi yabisi hutengenezwa kuizuia. Mwaka 2016 ikachapishwa habari ya wagonjwa 17 wa baridi yabisi waliopandikizwa kifaa cha kuisisimua neva hiyo: TNF ilipungua, na maumivu ya viungo yakapungua kwa wengi wao.

Hapa ndipo watu huruka hatua. Umeme kwenye neva si sawa na pumzi, na kifaa kile hakithibitishi kwamba kupumua huzima ugonjwa. Faida ya pumzi iko karibu zaidi. Maumivu humfanya mtu apumue juu juu na haraka, misuli ikakaza, moyo ukaenda mbio, usingizi ukapaa, na kesho yake maumivu yanauma maradufu. Pumzi ndefu hukata mzunguko huo mahali ambapo mgonjwa mwenyewe anaweza kupafikia. Kwa mtu anayeishi na ugonjwa usioondoka, hilo si jambo dogo.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Keti au lala, mkono mmoja juu ya tumbo, vuta hewa kwa pua kwa sekunde 4 huku tumbo likiinuka, toa kwa sekunde 6, endelea dakika 5. Usijilazimishe kubana pumzi. Ukisikia kizunguzungu, rudi kwenye upumuaji wako wa kawaida.

Kupumua kwa kasi, kwa mtindo wa Wim Hof, Mholanzi maarufu kwa kuvumilia baridi kali, ni habari nyingine kabisa. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2014 ulionesha kweli kwamba waliofunzwa mtindo huo walipunguza uvimbe wa muda uliochochewa mwilini kwa sindano, lakini walikuwa watu wazima wa afya, walifunzwa pia kuvumilia baridi, na adrenalini yao ilipanda sana. Isitoshe, kupumua kwa kasi huondoa hewa ya ukaa kupita kiasi, vidole vikafa ganzi na kichwa kikazunguka.

Dawa zako ziendelee kama ulivyoandikiwa. Na kwa kuwa lupasi huweza kuvimbisha utando wa mapafu, na baridi yabisi huweza kuyaacha na makovu, kichomi unapovuta hewa au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida si jambo la kutibu kwa zoezi. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo.