Ushirikishwaji wa Umma katika Bajeti ya Kaunti: Maana Yake kwa Mkazi wa Lamu

Ushirikishwaji wa umma katika bajeti ni utaratibu wa kisheria unaomtaka mwenye mamlaka juu ya fedha za serikali awaeleze wananchi mapema anachokusudia kuzifanyia, asikilize maoni yao kabla uamuzi haujafungwa, kisha awarudishie jibu kuhusu yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na sababu zake. Nimeieleza maana hii kwa urefu makusudi, kwa kuwa hapa Lamu jambo lenyewe limezoeleka kwa sura iliyopunguzwa mno: kikao cha saa chache ukumbini, karatasi ya kuandikisha mahudhurio, soda, na nauli ya boti kwa waliotoka visiwani. Kikao ni sehemu ya ushirikishwaji, lakini kikao kisichotanguliwa na taarifa wala kufuatwa na jibu hakistahili kuitwa kwa jina hilo.

Msingi wake umo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 10 inauhesabu ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa na kanuni za utawala, Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liendeshe shughuli zake kwa uwazi na liwashirikishe wananchi, na Ibara ya 201 inaufanya ushiriki huo kuwa sehemu ya uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma. Sheria ya Serikali za Kaunti na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, zote za mwaka 2012, zikafafanua namna ya kuutekeleza. Serikali ya kaunti inapoitisha maoni, basi, haiwafanyii watu hisani. Inatimiza wajibu, na isipoutimiza yaweza kuiona sheria yake ikibatilishwa mahakamani.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi, nalo kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote, ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kumalizika 30 Juni, lakini bajeti yake huanza kupikwa karibu mwaka mzima kabla. Kufikia 1 Septemba, kaunti hutakiwa kuwa imewasilisha bungeni mpango wake wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kufikia 28 Februari, hutakiwa kuwasilisha waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio unaoweka kikomo cha fedha kwa kila idara: afya wapate kiasi gani, maji kiasi gani, uvuvi kiasi gani. Makadirio yenyewe ya bajeti huwasilishwa kufikia 30 Aprili, na bunge la kaunti huyajadili na kuyapitisha kabla ya mwezi Juni kwisha. Mkazi wa Faza au Kizingitini anayesubiri kikao cha Mei ili aombe gati lifanyiwe matengenezo atakuta vikomo vya idara viliwekwa tangu Februari, na kwamba ili ombi lake liingie, mradi mwingine katika idara hiyo lazima upunguzwe au uondolewe. Hapo ndipo inapotoka lawama isemayo kwamba watu huitwa kutia baraka jambo lililokwisha kuamuliwa. Lawama hiyo aghalabu ni ya haki, lakini dawa yake si kususia kikao cha Mei. Dawa yake ni kudai vikao vya Agosti na vya kabla ya Februari vitangazwe kwa nguvu ileile, na kuvihudhuria.

Pia kuna mpaka wa mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba limegawanya kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Zahanati na vituo vya afya, elimu ya chekechea, barabara za kaunti, maji, pamoja na vivuko na bandari ndogo za ndani ni kazi za kaunti. Bandari kubwa iliyojengwa katika ghuba ya Manda, ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 2021, ni ya serikali ya kitaifa, na walimu wa shule za msingi na sekondari nao huajiriwa na taifa. Mwananchi asiyeelezwa mgawanyo huu hutumia nafasi yake ya dakika tatu kuuliza swali ambalo aliye mbele yake hana uwezo wa kulijibu, kisha huondoka akiamini amepuuzwa. Ni wajibu wa aliyeitisha kikao kulisema hili mwanzoni.

Katika baraza za mitaa ya Amu, yaani mji wa Lamu, na pale Mkunguni mbele ya Ngome, maoni yanayosikika zaidi kuhusu matumizi ya serikali ni kwamba fedha huishia kwenye mishahara, semina na safari, na kidogo kinachobaki ndicho kinachojenga. Sheria yenyewe imelitazama tatizo hilo: inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, ikipimwa kwa kipindi cha miaka kadhaa, iende katika matumizi ya maendeleo. Hata hivyo, msomaji atahadhari asiyachukue matumizi ya kawaida yote kuwa ni ubadhirifu. Kujenga zahanati kijijini ni matumizi ya maendeleo. Mshahara wa muuguzi, dawa za kabatini na mafuta ya boti ya kumpeleka mama mjamzito hospitali ya Amu usiku ni matumizi ya kawaida. Wadi ikipigania jengo peke yake na kusahau kuuliza litaendeshwa na nani na kwa fedha ipi, hupata jengo zuri lenye kufuli mlangoni. Swali la maana zaidi la kuuliza kikaoni ni kama fungu la kuendesha kile kilichojengwa mwaka jana limo katika makadirio ya mwaka huu.

Sasa twende kwenye teknolojia, ambayo inawagawa watu wetu kwa umri. Vijana wengi husema: hati ziwekwe mtandaoni, maoni yatumwe kwa simu, kuna haja gani ya kupanda boti kutoka Siyu hadi Mokowe, yaliko makao makuu ya kaunti? Wazee hujibu kwamba jambo la fedha za watu husemwa mbele za watu, uso kwa uso, ili aliyeahidi aonekane alipoahidi. Sheria ya Serikali za Kaunti haikuwachagulia. Imeorodhesha majukwaa ya teknolojia ya habari na mawasiliano, mikutano ya hadhara, mbao za matangazo na mengineyo kwa pamoja, na kaunti inapaswa kuyatumia kwa kadiri ya hali ya watu wake. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, ilipoibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kukosa ushirikishwaji wa kutosha, ilisema kwamba haitoshi kurusha ujumbe mfupi mtandaoni na kumwachia anayejali autafute mwenyewe. Ikataja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio za lugha za wenyeji kuwa njia zinazofaa kutumiwa. Hukumu hiyo ilitolewa kuhusu watu wa bara, lakini kwa kaunti ya visiwa uzito wake unazidi. Faili la mamia ya kurasa lililowekwa katika tovuti limetangazwa kwa mwenye kompyuta, mtandao wa uhakika na muda wa kulisoma. Kwa mvuvi wa Kiwayu anayerudi pwani alasiri akiwa na simu yenye salio dogo, faili hilo ni kama halipo. Tangazo la msikitini adhana ya Ijumaa ikikaribia, au dakika kumi za redio baada ya isha, humfikia.

Hata hivyo simu isidharauliwe. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha wa taifa ulipozua maandamano ya vijana mwezi Juni, baadhi yao walirekodi video fupi wakiufafanua kwa lugha za mama, zikasambaa kwa wazazi na mabibi waliokuwa hawajawahi kusikia kifungu cha mswada kikielezwa kwa maneno wanayoyajua. Kilichofanya kazi pale hakikuwa chombo peke yake. Ni chombo kilichobeba lugha inayoeleweka.

Na hapo ndipo kwetu penye kasoro kubwa zaidi. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Lakini hati za bajeti, ambazo ndizo zinazojadiliwa, huandikwa Kiingereza, kisha ofisa huja kuzifupisha kwa mdomo kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza pale panapokuwa pagumu, yaani mahali hasa ambapo msikilizaji alihitaji ufafanuzi. Kaunti yenye wadi kumi, kutoka Kiunga mpakani hadi Witu, ina wasemaji wa lahaja za Kiswahili za Kiamu, Kipate, Kisiyu na Kitikuu, Waboni wa Basuba, Waorma, Wagiriama, na wasemaji wa Kikikuyu wa Mpeketoni. Tofauti ya lahaja si kizuizi kikubwa. Bibi wa Pate na ofisa aliyetoka Nairobi wataelewana wakizungumzia maji au bei ya samaki. Kinachowatenganisha ni msamiati wa fedha: vikomo vya idara, ruzuku zenye masharti, bajeti ya ziada, madeni ya makandarasi yaliyolimbikizwa. Mambo haya yanaelezeka kikamilifu kwa Kiswahili, mradi mtu apewe kazi ya kuyaandika mapema badala ya kuyatafuta akiwa amesimama mbele ya umati. Muhtasari wa kurasa chache wa Kiswahili safi, unaoonyesha wadi kwa wadi kilichopangwa na gharama yake, ukifika vijijini wiki mbili kabla ya kikao, ungebadilisha mazungumzo yote. Kwa Waboni na Waorma, mkalimani awepo kikaoni kama sehemu ya bajeti ya kikao chenyewe, asiwe jirani aliyeombwa msaada papo hapo.

Kwamba taarifa lazima itangulie si rai yangu tu. Mwaka 2019, jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba mikutano ya utangulizi iliyofanywa kabla ya ripoti ya athari kukamilika haikuweza kuhesabiwa kuwa ushirikishwaji, kwa kuwa watu hawakupata kuyajadili yaliyomo katika ripoti. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamua, katika kesi ya bandari ile ya Manda, kwamba wakazi hawakushirikishwa ipasavyo, na ikaagiza wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi hizo zilihusu miradi mikubwa na wala hazikuhusu bajeti ya kaunti, lakini kipimo walichokitumia majaji ndicho tunachopaswa kukitumia sisi.

Sehemu ya mwisho ya dhana hii ni jibu, nayo ndiyo inayokosekana mara nyingi. Maoni hukusanywa, hupelekwa, kisha kimya. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti na inaitaka kaunti ilijibu bila kukawia. Zaidi ya hapo, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba hati iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, ikiwemo orodha ya maoni yaliyotolewa na wadi yake na uamuzi uliofikiwa juu ya kila moja. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, halitozwi ada ya kuwasilishwa isipokuwa gharama ya kunakili, na ofisi inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika anaweza kulieleza ombi lake kwa mdomo, na ofisa wa habari analazimika kumwandikia.