Badiliko la jeni ni nini? Herufi moja ya selimundu

Ndani ya seli zetu mna maandishi marefu yanayoitwa DNA. Yana herufi nne tu, A, T, G na C, na nakala moja kamili ya binadamu hufikia herufi kama bilioni 3. Kipande chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, aghalabu protini, ndicho jeni. Kila seli inapogawanyika, maandishi yote hunakiliwa upya, na anayenakili kitabu kirefu hivyo hakosi kukosea: herufi inabadilika, inarukwa, au inaongezwa. Kosa likipita bila kusahihishwa, hilo ndilo badiliko la jeni. Miale ya jua na moshi wa sigara huongeza makosa hayo, lakini mengi hujitokea yenyewe. Hata wewe ulizaliwa na mapya makumi kadhaa ambayo wazazi wako hawakuwa nayo, na huenda hakuna hata moja lililokudhuru.

Lipo moja linalogusa nyumba nyingi kwetu: selimundu, yaani seli iliyopinda kama mundu. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Katika jeni ya sehemu yake moja, iliyo kwenye kromosomu (kifurushi cha DNA) ya 11, palipopaswa kuandikwa GAG pameandikwa GTG. A moja imekuwa T, basi. Lakini kwa sababu hiyo kiungo cha sita katika mnyororo wa viungo 146 unaounda sehemu hiyo ya protini kinakuwa kingine, chenye kunata. Himoglobini ikishaachia oksijeni, inashikana na mwenziwe, zinakuwa nyuzi ngumu, na seli inapinda. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii hufa baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana mtoto anapungukiwa damu na macho yanakuwa ya njano. Zilizopinda hukwama kwenye mishipa myembamba. Yale maumivu ya mifupa yanayomliza mtoto usiku kucha hutoka hapo, si deko.

Kosa lenye madhara hivi lingetarajiwa kupotea zamani. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu huko mwaka 1949 akaona jambo: jeni hii yenye kosa ilikuwa nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, ila adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha kwamba ni nyingi pale palipo na malaria. Aliyerithi nakala moja tu ya jeni hiyo, kwa mzazi mmoja, kwa kawaida haugui selimundu, na malaria kali humpata kwa nadra zaidi, ingawa chandarua bado anakihitaji. Hivyo palipo na mbu wengi, wenye nakala moja walinusurika wakazaa, na herufi ile ikaendelea kurithiwa. Kwa hiyo siwezi kuliita badiliko hili baya wala zuri kabla sijaambiwa mtu anaishi wapi na amerithi nakala ngapi.

Anayeugua hasa ni aliyepata nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. (Wapo pia wanaougua kwa kurithi nakala moja pamoja na kasoro nyingine ya himoglobini.) Hili nalisisitiza kwa sababu bado kuna mama anayerudishwa kwao na mtoto mgongoni, akiambiwa damu mbaya imetoka ukoo wake, au kwamba mtoto karogwa. Kipimo cha damu cha wazazi wote wawili kingeonyesha kwamba kila mmoja amechangia nakala yake, bila kujua na bila kosa.

Wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja moja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Wengine husikia hesabu hiyo wakadhani mmoja akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Mimba ya pili haijui kilichotokea katika ya kwanza. Hesabu inaanza upya.