Kabla Hujainyanyua Pikapu Yako, Ipime Kwanza

Masika yakikaribia, wenye pikapu hunijia chuoni na swali lilelile: "Mwalimu, niinyanyue kiasi gani?" Huwa sijibu. Namkabidhi muulizaji futi ya kamba, tunatoka nje kupima.

Pikapu nyingi ninazoletewa zimeshuka tu. Gari limebeba saruji, mkaa na watu kwa miaka kumi na tano. Springi zimenyooka, bushi (mipira ya kwenye viungo vya springi) zimekwisha, na mwenyewe ameshazoea kuliona limekaa hivyo. Akienda kununua spesa za kuweka juu ya springi zilizochoka, amepoteza hela. Hela ya kwanza, hasa ikiwa ni ndogo, irudishe gari pale lilipotokea kiwandani. Mara nyingi safari huishia hapo na mtu anaridhika.

Upimaji wenyewe haugharimu kitu. Egesha gari mahali tambarare, bila mzigo, upepo wa tairi ukiwa sawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, pembe zote nne. Usianzie chini ardhini, maana hapo tairi lililolika litakudanganya. Kisha tafuta gari la aina hiyohiyo lenye springi nzima, upime nalo. Upande wa dereva ukiwa umelala kuliko wa abiria, kwanza angalia kama kuna jani la springi (bapa la chuma) lililovunjika, senta bolti (inayobana majani katikati) iliyokatika au shakeli (kiungo kinachoshika ncha ya nyuma ya springi kwenye fremu) iliyokwama kwa kutu.

Jambo la pili linawashangaza hata madereva wa siku nyingi: kunyanyua springi za nyuma hakuinui difu, yaani bonge la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma ya pikapu ni kipande kimoja, inakaa kati ya magurudumu. Kinachopanda ni chesi (fremu), bodi na tangi la mafuta. Kama difu inalima tuta la katikati ya njia, dawa yake ni tairi kubwa tu, na hata hapo unapata nusu ya tofauti. Ukitoka 265/65R17 ukaenda 265/70R17, kipenyo kinaongezeka kama milimita 26, kwa hiyo difu inapanda milimita 13. Spidomita nayo itaanza kusoma pungufu: ikionyesha 80, unakimbia karibu 83.

Sasa tuje kwenye kunyanyua kwenyewe. Nyuma, pikapu karibu zote zinazofanya kazi huku kwetu zina springi za majani. Njia ninayoipendelea kwa mwenye bajeti finyu ni kuongeza jani moja, au kuwapelekea mafundi wa springi pati nzima (fungu lote la majani) waikunje upya ikiwa baridi. Sisitiza hilo la baridi. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto la kipimo maalumu. Fundi akikichoma moto kwa gesi ili kikunjike upesi, ugumu wake umeondoka, na baada ya miezi michache gari litakuwa limelala tena. Kuchomelea jani lililovunjika nako ni hivyohivyo, ila hili linaweza kukatikia barabarani.

Shakeli ndefu ni rahisi, lakini hesabu yake haiko kama watu wanavyofikiri. Shakeli iliyorefushwa milimita 50 inainua gari kama 25 tu, kwa sababu ncha ya mbele ya springi haijasogea. Ikizidi urefu, mkia wa gari huanza kuyumba kwenye kona na pembe ya propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) inabadilika. Ukisikia mtetemo unapoanza kuondoka, anzia kutafuta hapo.

Bloku kati ya springi na ekseli inaruhusiwa nyuma tu, iwe moja, ya chuma, yenye pini ya kuingia kwenye tundu la senta bolti, pamoja na yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli) mpya ndefu. Chungulia kwanza, maana kuna pikapu zisizo fowili (zinazosukumwa na magurudumu mawili tu) ambazo springi zake hupita chini ya ekseli. Hizo ukiziwekea bloku, gari linashuka! Mbele usiweke bloku kabisa, kwa sababu breki zikishikwa kwa nguvu, ekseli hutaka kujiviringisha na bloku inaweza kuchomoka. Bloku za mbao nimezifungua kwa mikono yangu chini ya gari lililokuwa likibeba wanafunzi. Sina la kuongeza hapo.

Mbele inategemea gari. Hilux nyingi za fowili za kabla ya 1997 zina ekseli nzima na majani. Nyingi ya zile zilizofuata hadi 2005 zina tosheni baa (fito za chuma zinazosokoteka badala ya springi), sawa na Isuzu D-Max za kwanza. Hilux Vigo ina springi za koili. Wenye tosheni baa wana bahati, kwani kuna bolti ya kurekebishia tayari. Tia alama ya rangi, nyanyua mbele kwa jeki na uisimamishe kwenye stendi (mawe yaache yapumzike), magurudumu yaning'inie, kisha kaza na uhesabu mizunguko. Ishie gari likiwa limepanda milimita 25 hadi 30. Wengi hudhani baa inakuwa ngumu zaidi, sivyo. Ugumu ni uleule, ila umekula nafasi ya gurudumu kushuka, ndiyo maana gari huanza kugonga kwenye mashimo. Ukizidisha, sivi jointi (viungo vya shafti za magurudumu ya mbele) hufanya kazi zikiwa zimepinda na buti zake (mipira inayozifunika) huchanika mapema. Na usinyanyue mbele mpaka ilingane na nyuma kwa ajili ya kupendeza: nyuma iliachwa juu makusudi, ili gari likipakiwa likae sawa.

Hela ya wilo alaimenti (kunyoosha magurudumu) iwe ndani ya bajeti tangu mwanzo. Asiyekuwa nayo asubiri, la sivyo tairi za mbele zitalika upande mmoja na atailipa hela hiyohiyo dukani kwa muuza tairi.

Kuna kitu ambacho gereji nyingi hukisahau. Pikapu nyingi, hasa za zamani, zina valvu ya breki iliyofungwa kwenye chesi karibu na difu, ikiwa na mkono unaoungana na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Chesi ikipanda, valvu hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata kama umepakia tani nzima. Mshikizo wa upande wa ekseli upandishwe kwa kiasi kilekile gari lilichonyanyuka. Hapohapo angalia mipira ya breki magurudumu yakiwa yananing'inia. Ikiwa imevutika, tafuta mirefu zaidi.

Jani la ziada haliongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Ekseli, breki na rimu ni zilezile.

Kabla ya kazi, egesha mita 10 kutoka ukutani jioni, uchore kwa chaki mahali mwanga wa taa unapokatia. Ukimaliza rudi palepale, urekebishe taa mpaka ziguse mstari. Yubolti zikazwe tena baada ya kilomita 500, gari likiwa limekaa chini kwa magurudumu yake.