Jaribio kigeugeu ni nini, na saa inahusikaje?

Jaribio ni programu ndogo inayokagua kama programu nyingine inafanya kazi sawasawa. Jaribio kigeugeu ni lile linalofaulu leo na kufeli kesho, ilhali hakuna aliyegusa hata herufi moja ya programu. Ukiliendesha tena linafaulu, nawe unashawishika kusema ni mtandao tu. Wakati mwingine mkosaji ni saa.

Kuna moja lililoninyima usingizi hapa Nairobi. Programu ilikuwa ya mikopo, na jaribio lilidai jambo jepesi: deni lililotakiwa kulipwa jana lihesabiwe kuwa limechelewa. Mchana halikuwahi kufeli. Usiku mmoja likafeli mara nne mfululizo, nikaenda kulala kwa hasira, asubuhi likafaulu kana kwamba halinijui.

Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu za programu. Ziliandika Machi 14, 21:20. Simu yangu wakati huo ilisema Machi 15, 00:20. Programu ilihesabu siku kwa UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, kama seva nyingi zinavyofanya, na Nairobi iko mbele yake kwa saa 3. Jaribio lenyewe lilisoma saa ya kompyuta yangu. Kwa hiyo tangu saa sita usiku hadi saa tisa usiku, "jana" ya jaribio ilikuwa "leo" ya programu, na deni la leo halijachelewa. Kiswahili kinajua usiku una utata huu, ndiyo maana tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa. Kompyuta haina ustaarabu huo.

Basi kabla ya kusoma programu, panga nyakati ambazo jaribio lilifeli. Zikiangukia saa sita hadi saa tisa usiku, shuku majira, yaani tofauti ya saa kati ya mahali na mahali. Zikiangukia tarehe 29, 30 au 31, tazama jinsi unavyojumlisha miezi: Januari 31 ukiongeza mwezi mmoja unafika wapi?

Dawa yake ni saa bandia. Programu isiende yenyewe kuuliza sasa ni saa ngapi. Iletewe saa kutoka nje. Kazini iletewe saa halisi, kwenye jaribio iletewe saa uliyoisimamisha Machi 14, 21:20 UTC. Hapo kosa linajitokeza hata saa nne asubuhi, chai ikiwa mezani, kila unapoliita. Mimi niliamua tarehe za madeni zihesabiwe kwa majira ya Nairobi pande zote mbili, likatulia.

Wako wanaoziweka kompyuta zote kwenye majira ya Nairobi na kufunga mjadala. Siwaungi mkono. Kenya hatusogezi saa, lakini London husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na siku hiyo ina saa 23. Programu inayoitafuta kesho kwa kuongeza saa 24 itateleza kwa mteja wa huko.

Vigeugeu vingine hutokana na kusubiri. Mtu anaandika "subiri sekunde 2", inatosha kwake, kisha mashine iliyolemewa inahitaji 3. Afadhali jaribio lichungulie mara kwa mara kama kazi imekwisha, likiwa na kikomo cha juu. Na muda usipimwe kwa saa ya kawaida, kwa kuwa husahihishwa kupitia intaneti na inaweza kurudishwa nyuma, ukaambiwa kazi ilichukua sekunde hasi. Kompyuta ina saa nyingine ya ndani ambayo hairudi nyuma kamwe. Hiyo haijui tarehe, inajua tu muda uliopita.