Lile dirisha la dhahabu halikuwa lako

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa jirani, Tabata. Tulipofika kwenye bei ya vinywaji, mweka hazina akashusha pumzi, akasema dola imepanda. Mzee mmoja aliyekaa mbele, mtu ninayemheshimu sana, akadakia: "Yote haya kayaleta Nixon. Zamani ulikuwa unakwenda benki na dola yako, unapewa dhahabu. Nixon akafunga, akachapa makaratasi ili apigane Vietnam." Vichwa vikatikisika kukubali. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, maana ananijua.

Nikanyamaza. Lakini hiyo ilikuwa mara ya nne mwaka huu. Kuna ujumbe wa WhatsApp unaosema hayohayo, wenye picha ya miche ya dhahabu na uso wa Nixon, rais wa Marekani wa 1969 hadi 1974, umekunjamana. Nimetumiwa na shemeji yangu, nikatumiwa na mwanafunzi niliyempa A kwenye historia ya uchumi (nimeanza kuijutia), na wiki hii nimetumiwa na bwana anayeniletea mkaa. Basi nayamwaga hapa yote. Atakayenitumia tena, nitamrudishia kiungo cha ukurasa huu bila hata salamu.

Mzee wangu, shikamoo. Ila hapana.

Tuanze na hilo la "ulikuwa unakwenda benki". Nani alikwenda? Mwaka gani? Aprili 1933 Rais Roosevelt alitoa amri wananchi wasalimishe dhahabu yao kwa bei ya dola 20.67 kwa wakia. Januari 1934 bei rasmi ikapandishwa hadi dola 35, faida ikabaki serikalini. Tangu hapo Mmarekani wa kawaida aliyekutwa na mche wa dhahabu kabatini alikuwa na kesi ya kujibu. Pete ya ndoa ruksa, meno ya dhahabu ruksa, sarafu adimu za wakusanyaji ruksa. Mche, hapana. Kwa hiyo Jumapili usiku, tarehe 15 Agosti 1971, Nixon alipokatiza tamthilia ya wachunga ng'ombe iliyokuwa ikipendwa na nusu ya nchi ili atangaze kusitisha ubadilishaji, hakuna raia wa Marekani hata mmoja aliyepokonywa haki ya kubadili dola yake kwa dhahabu. Haki hiyo ilikuwa imezikwa miaka 38 nyuma, na arobaini yake imepita.

Dirisha lililofungwa lilikuwa la serikali na benki kuu za nje. Wewe, mimi, mfanyabiashara wa Kariakoo, mkulima wa Kansas, hatukuwa kwenye foleni. Ukinielewa hapo tu, nimeshalipwa.

Tena hata hao wakubwa waliokuwa kwenye foleni, nendeni nao taratibu. Vitabu vinasema "mfumo wa Bretton Woods, 1944 hadi 1971", yaani ule wa kufunga sarafu za nchi kwenye dola, na dola kwenye dhahabu, kana kwamba mtambo uliwashwa siku ile wajumbe wa mkutano waliposhuka kwenye treni New Hampshire. Sarafu za Ulaya Magharibi zilianza kubadilishwa kwa uhuru mwishoni mwa 1958. Oktoba 1960 dhahabu ikaruka hadi kama dola 40 kwenye soko la London, watu wakashtuka. Mwaka 1961 benki kuu kadhaa zikaunda mfuko wa pamoja wa kuuza dhahabu ili bei isipande. Ufaransa ikajitoa 1967. Machi 1968 mfuko ukafa. Tangu hapo kukawa na bei mbili, ya wakubwa kwa wakubwa dola 35, na ya sokoni inayojipangia yenyewe. Hesabu mwenyewe hiyo "enzi ya dhahabu" ilifanya kazi sawasawa miaka mingapi. Mimi nikijitahidi kuwa mkarimu sifiki kumi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi, ambalo ule ujumbe wa WhatsApp hauligusi kabisa.

Kama mwaka 1967 tayari dola zilizokuwa mikononi mwa wageni zilikuwa nyingi kuliko dhahabu iliyokuwa Marekani, mbona wote hawakukimbilia dirishani? De Gaulle, rais wa Ufaransa, alikimbia, tena kwa makelele; Februari 1965 aliita waandishi wa habari akaisema dola hadharani. Lakini Ujerumani Magharibi, iliyokuwa na dola tele, ilikaa kimya. Kwa nini? Machi 1967 rais wa Bundesbank, benki kuu ya Ujerumani Magharibi, Karl Blessing, alimwandikia barua mkuu wa benki kuu ya Marekani kumhakikishia kwamba benki yake haitazibadili dola zake kwa dhahabu. Barua. Hakuna mkataba wa bunge wala kura ya wananchi, ni barua ya ofisi kwa ofisi. Na nyuma ya barua ile walisimama askari wa Kimarekani waliokuwa kwenye ardhi ya Ujerumani, wakiwatazama Warusi ng'ambo ya pili. Ujumbe wa Marekani ulikuwa wazi: askari hawa wana gharama, gharama hiyo inapeleka dola zetu nje, mkizigeuza dhahabu basi askari watarudi kwao.

Ndiyo maana huwa nacheka mtu akiniambia kabla ya 1971 dola ilisimama juu ya dhahabu. Kwa miaka ile ya mwisho ilisimama juu ya vifaru. Kilichoitwa dhamana ya dhahabu kilikuwa adabu ya mgeni ambaye ameambiwa "karibu chakula" na anajua fika sufuria halitoshi, anajibu "nimeshiba". Mfaransa ndiye aliyevuta sahani mbele ya watu.

Na ile adabu ilipoanza kuchoka, ilichoka pande zote mbili. Mei 1971 Wajerumani waliacha mark yao ielee, yaani thamani yake ipangwe na soko. Mwezi huohuo seneta Mike Mansfield alitaka askari wa Marekani walioko Ulaya wapunguzwe nusu. Akashindwa kwa kura 61 dhidi ya 36. Ukisoma habari za sarafu bila kusoma za majeshi, hutaona kwamba ni kikao kimoja kinachoendelea katika vyumba viwili.

Ya Camp David, kambi ya mapumziko ya rais wa Marekani, nitayapita haraka, kila mtu anayasimulia. Ijumaa tarehe 13 Agosti Nixon akakusanya watu wake mlimani, wakakatazwa kupiga simu nje. Connally, waziri wa fedha kutoka Texas, alitaka kufunga. Burns wa benki kuu alipinga. Volcker, ambaye baadaye angeiongoza benki kuu hiyo, alikuwepo, bado ni naibu pale Hazina. Waliposhuka walikuwa na kifurushi chenye mambo matatu: dirisha kufungwa "kwa muda" (neno hilo alilitumia mwenyewe, na huo muda haujaisha), bei na mishahara kuzuiwa kwa siku 90, na ushuru wa ziada wa asilimia 10 kwa bidhaa za nje. Rais wa Republican, chama cha wafanyabiashara, anapanga bei ya nyama! Wakati huohuo sisi huku tulikuwa na Azimio la Arusha, tukiitwa wajamaa.

Jumatatu soko la hisa New York likapanda kwa karibu pointi 33. Watu walishangilia. Hilo nalo halimo kwenye ule ujumbe.

Kwa nini alifanya? Kwa sababu ya kura. Nixon aliamini kwamba mwaka 1960 alishindwa na Kennedy kwa sababu ya uchumi uliodorora, na akaapa hatarudia. Alipoingia madarakani ukosefu wa ajira ulikuwa chini ya asilimia 4. Mwaka 1971 ulikuwa unagusa 6, na bei bado zinapanda. Kulinda dhahabu kwa njia ya vitabuni kungemaanisha kupandisha riba na kuongeza wasio na kazi, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Akachagua kura. Novemba 1972 alizoa majimbo 49 kati ya 50.

Sasa Vietnam, na hapa naomba nipunguze sauti, kwa sababu mimi mwenyewe nimefundisha vibaya. Kwa miaka nilisimama ubaoni nikachora mshale kutoka "Vita" kwenda "Nakisi" kwenda "Dhahabu imekwisha". Mshale mzuri, wanafunzi wanaupenda. Lakini Nixon hakuianza vita ile. Aliirithi ikiwa na askari zaidi ya nusu milioni, na kufikia mwisho wa 1971 walibaki kama 157,000. Yaani dirisha linafungwa wakati vita inapunguzwa. Na kuna tarakimu moja inayouvunja mshale wangu: bajeti ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka wa fedha 1969, vita ikiwa motoni, ilikuwa na ziada ya dola bilioni 3 na kitu. Johnson, rais aliyemtangulia Nixon, alikuwa amepitisha kodi ya nyongeza mwaka uliotangulia, kwa kuchelewa sana, lakini alipitisha.

Basi vita haikuchangia? Ilichangia. Ilipasha moto bei tangu 1966, ikapeleka dola Asia. Ila mchumi Robert Triffin alilionya Bunge la Marekani kabla askari wale hawajapelekwa: dunia ikitaka dola za akiba, Marekani lazima itoe dola nyingi kuliko inazopokea, na ikizitoa nyingi, ahadi ya dhahabu inakuwa uongo. Kwa hesabu ya Triffin, hata bila Vietnam mtungi ungepasuka. Lini? Sijui, na wenzangu wanaotaja mwaka kwa kujiamini huwa nawaomba wanionyeshe hesabu zao. Siku hizi nachora mishale miwili, nusu ya darasa inanichukia.

Hata kisa maarufu cha Waingereza kuomba dola zao zigeuzwe dhahabu siku chache kabla ya Camp David kina ufa. Walichotaka ni dhamana kwamba thamani ya dola walizoshika haitaporomoka. Habari ikapita mdomo hadi mdomo Washington, ikafika mezani ikiwa imevimba. Inawezekana sehemu ya uamuzi mkubwa wa karne ilisukumwa na umbea.

Walioumia kweli waulize Wajapani. Tarehe 15 Julai 1971 Nixon alitangaza atakwenda China. Mwezi mmoja kamili baadaye akafunga dirisha. Tokyo ilishtukizwa mara zote mbili, na hadi leo wanaziita "mishtuko ya Nixon". Benki Kuu ya Japani iliendelea kununua dola kwa yeni 360 karibu wiki mbili nzima baada ya hotuba, kama mtu anayeteka maji kwenye mtumbwi uliokwisha zama, ndipo ikaachia.

Na sisi? Shilingi ya Tanzania mwaka 1971 ilihama kutoka kwenye pauni ikafungwa kwenye dola, 7.14 kwa dola moja. Desemba mwaka huo, kwenye mkutano wa Washington, dola ikashushwa, dhahabu ikawa 38 kwa wakia. Shilingi ikabaki palepale, 7.14. Ukiangalia hiyo tarakimu peke yake utasema hakuna kilichotokea. Lakini ikiwa rafiki uliyemshika mkono anashuka ngazi, nawe umeshuka. Mashine ya Kijerumani au ya Kijapani iliyoagizwa Januari 1972 ilidai shilingi nyingi kuliko ya Julai. Mwaka 1975 tukahamia kwenye SDR, kipimo cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachochanganya sarafu kadhaa. Kwa hiyo ukitaka kumlaumu Nixon kwa bei ya soda za harusi mwaka huu, kuna zaidi ya nusu karne ya maamuzi yetu wenyewe ya kuruka kwanza.

Na lile dai jingine linalosambaa, la "petrodola", kwamba Saudia ilifunga na Marekani mkataba wa miaka 50 wa kuuza mafuta kwa dola, ukaisha Juni 2024: mkataba wa namna hiyo haukuwepo. Juni 1974 nchi hizo mbili ziliunda tume ya pamoja ya ushirikiano wa kiuchumi. Nimemaliza.

Kama unataka kusikia Nixon alivyoijali dola ya dunia, kanda zipo. Tarehe 23 Juni 1972 msaidizi wake Haldeman aliingia ofisini, na kwenye mazungumzo hayohayo ambamo walipanga CIA iizuie FBI kuchunguza Watergate, kashfa ya kuvunja ofisi za chama pinzani, Haldeman akamtajia kwamba Waingereza wameiachia pauni ielee. Nixon hakuwa na hamu. Akaambiwa na lira ya Italia nayo iko mashakani. Akajibu kwa tusi kwamba lira haimhusu. Kanda ile ilitolewa tarehe 5 Agosti 1974, na tarehe 9 alikuwa ameondoka Ikulu. Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo, chini ya Ford, rais aliyemrithi, Wamarekani wakaruhusiwa tena kumiliki miche ya dhahabu.

Nimeuweka muhtasari wa haya kwenye kundi la kamati ya harusi jana usiku. Mzee amejibu kwa sauti ya sekunde saba: "Asante sana mwalimu, tumekusoma. Mchango wako bado hatujauona."